Injini ya 406 ndani ya Peugeot 205 GTI: uchambuzi wa kisa kutoka gereji moja ya Malindi

Kabla ya kuanza

Mwenye gari amekubali kisa chake kiandikwe kwa sharti kwamba asijulikane. Kwa hiyo jina lake, jina la fundi, rangi na namba ya gari, na mtaa ilipo gereji, vyote nimeviacha nje. Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Niliitwa kazi ikiwa imefika kati, na kosa kubwa kuliko yote yatakayosimuliwa hapa ni langu.

Gari lenyewe

Kwetu Peugeot ilijijengea jina kwa vumbi na mizigo. Modeli yake ya 404 ilishinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikaja kushinda 1975 na 1978. Wazee wa Malindi waliosafiri na 504 ya abiria enzi hizo bado wanalitaja gari lile kama mtu anavyomtaja marehemu babu yake.

205 GTI ni ya ukoo huohuo ila tabia ni nyingine kabisa. Ilitoka Ufaransa mwaka 1984: gari dogo la milango miwili na mlango wa nyuma, chini ya kilo 900, injini ya cc 1580 yenye nguvu za farasi 105. Baadaye wakaileta ya cc 1905, farasi 130. Si nguvu za kutisha kwa hesabu za leo, lakini gari jepesi linaona farasi 105 kuwa wengi. Usukani wake unaitikia kama mtu aliyekuwa akikusubiri uongee. Ubaya wake ni kwamba ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unataka kukupita mbele.

Hili la kisa chetu ni la cc 1580. Liliachwa na mgeni aliyekuwa akiishi Malindi, akarudi kwao. Likakaa chini ya mkorosho miaka kadhaa, si mbali na bahari. Hilo la bahari naomba msomaji asilisahau, sisi tulilisahau.

Injini yake haikufa kwa uzee. Ilichemsha, gasketi ya hedi (ile sehemu ya juu inayofunika silinda) ikaungua, ikapelekwa kwenye gereji ya kwanza, ambayo si hii ninayoizungumzia. Pale wakafungua hedi na, kwa kutaka kusafisha vichwa vya pistoni, wakaizungusha kranki, shafti ile inayosukumwa na pistoni. Kwa injini nyingi za Kijapani hilo halina neno. Kwa hii ni maafa. Bloku yake ni ya alumini, na slivu za silinda, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikugongewa ndani yake kwa nguvu. Zimekaa tu, zimezungukwa na maji, na kinachoyazuia maji yasishuke kwenye oili ni muhuri mwembamba chini ya kila slivu. Anayezikandamiza slivu zisitikisike ni hedi. Ukishaitoa hedi, pistoni inapopanda inaiinua slivu pamoja nayo, muhuri unaachia, na hutaona chochote kwa macho. Dawa ni ndogo mno: bolti na washa pana za kuzibana slivu kabla hujagusa kranki.

Wakafunga hedi na gasketi mpya, gari likawaka vizuri, mwenyewe akaondoka anashukuru. Baada ya siku chache oili ikawa rangi ya chai ya maziwa. Aliendelea kuliendesha kwa sababu "halikuwa likichemsha tena". Beringi za kranki zikaliwa.

Njia tatu mezani

Gari likavutwa hadi gereji ya pili, kwa fundi kijana ambaye namheshimu sana kwa sababu hapendi kubahatisha. Alimwekea mwenyewe njia tatu.

Ya kwanza: kuifufua injini ileile, kwa mihuri mipya ya slivu, beringi mpya na kranki kuchongwa Mombasa. Ya pili: kutafuta bloku ya cc 1905 kutoka Peugeot 405 iliyokufa. Bloku hizo ni ndugu. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 83, tofauti ni mwendo wa pistoni, milimita 73 kwa ile ndogo na 88 kwa ile kubwa. Unaifungia hedi na mfumo wa mafuta wa GTI, inakaa kwenye mauntingi (vishikizo vya injini) zilezile, na umepata karibu kile ambacho kiwanda chenyewe kilifanya. Ya tatu: injini ya 406, cc 1998, valvu 16, kwenye farasi 135 hivi, kutoka kwenye gari lililogongwa nyuma na kuegeshwa Mombasa.

Fundi alipendelea ya pili. Mwenye gari akachagua ya tatu, na sababu zake hazikuwa za kipumbavu. Bloku ya 405 iliyokuwapo ilikuwa imekaa wazi bila hedi, maji ya mvua ndani ya silinda. Ile ya 406 aliisikia ikiunguruma kwa masikio yake. Bloku yake ni ya chuma, na mtu aliyeumwa na slivu za alumini hawezi kulaumiwa kwa kuitamani. Isitoshe, 406 zilikuwa hapa nchini na vipuri vya injini vingepatikana.

Lakini ipo sababu ya nne, na hii aliniambia mwenyewe baadaye tukinywa kahawa: alipenda kusema "valvu kumi na sita".

Ununuzi

Hapa ndipo kisa kilipopinda. Muuzaji alitaka shilingi 80,000 kwa injini, au 120,000 kwa sehemu yote ya mbele: injini, nyaya zake zote, kompyuta, kisanduku cha imobilaiza (kifaa cha kuzuia wizi) na ufunguo wa gari.

"Ami, chukua yote," fundi alimwambia kwa simu. "Chukua mpaka ufunguo."

"Mwanangu, nifanye nini na ufunguo wa gari la mtu? Nyaya tutaunganisha."

Akalipa 80,000. Zile 40,000 alizookoa ndizo pesa ghali kuliko zote katika kazi hii. La kushukuru ni kwamba alidai risiti na nakala ya logibuku (kitabu cha umiliki) ya lile gari lililogongwa.

Kuifunga

Injini hizi zote ni za familia moja, kwa hiyo giaboksi ya zamani ilikubali kuungana na injini mpya bila ugomvi. Flaiwili, gurudumu zito la mwisho wa kranki, ilibidi ibaki ya 406, kwa kuwa kompyuta inasoma meno yake kupitia sensa ili ijue kranki iko wapi; na klachi ikafuata flaiwili. Pampu ya usukani na kompresa ya eyasii (kiyoyozi) zikatolewa, mkanda mfupi ukatafutwa.

Kilichokataa ni mauntingi ya chini, nyuma ya bloku. Katika gari hili kipande hicho kina kazi mbili: kinaizuia injini isijitupe mbele na nyuma, na kinabeba beringi ambayo draivu shafti ya kulia inapita ndani yake. Kile cha zamani hakikulingana na bloku ya chuma. Kikachomelewa kipya, gari likajaribiwa, na kuanzia kilomita 60 kwa saa sakafu ikawa inatetemeka. Tundu la beringi lilikuwa limepotoka milimita tatu. Fundi alikitoa, akakipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kuchonga, na safari hii alifunga shafti kwanza, ikazunguka huru kwa mkono, ndipo kipande kikashikizwa kwa nukta mbili za weldi na kupimwa tena kabla ya kuchomelewa moja kwa moja. Siku nne zikaenda hapo. Alipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo, na yeye ndiye wa kwanza kulisema.

Eksosi ilichukua siku tatu, kwa kuwa inapita katikati ya injini na ukuta wa mbele na hakuna nafasi ya kuweka hata kidole.

Ninaingia mimi

Niliitwa mwezi wa nne wa kazi. Mfumo wa mafuta wa 205 ni wa Bosch wa zamani, wenye kibao kinachosukumwa na hewa, na cheche zinashughulikiwa kando na distribyuta. Injini mpya inataka kompyuta moja inayoamua mafuta na cheche kwa pamoja. Hakukuwa na njia ya kuoanisha viwili hivyo, na hiyo "tutaunganisha" ya mwenye gari ikanigeukia mimi.

Tulirudi kwa muuzaji. Nyaya alishauza, kompyuta alishauza, ufunguo hakujua uko wapi. Tukapata nyaya na kompyuta kutoka 406 nyingine, kwa shilingi 55,000. Nikazifunga kwa wiki mbili. Tukapiga stata: injini inazunguka, cheche hakuna, mafuta hayamwagwi.

Kompyuta ilikuwa imefungwa. Katika magari ya umri ule ufunguo una chipu ndogo isiyo na betri ambayo gari huitambua. Ikikosekana, kompyuta inanyamaza. Haijui kwamba gari lake lilikwisha kuwa skrepu. Nililijua hilo kwa Toyota na sikuliwazia kwa Peugeot. Ikabidi kompyuta isafirishwe Nairobi kwa mtaalamu wa kuandika upya kumbukumbu za kompyuta za magari, baada ya kumwonyesha karatasi za ununuzi. Ilirudi baada ya wiki tatu. Shilingi 18,000, na nauli.

Iliporudi, gari likawaka kwa mpigo wa pili. Vijana wa gereji walipiga makofi. Mwenye gari alisimama tu mlangoni, mkono mdomoni.

Joto, na kosa langu

Safari ya kwanza ilikuwa kwenda Gede na kurudi. Karibu na Gede, kwenye matuta, mshale wa joto ukaanza kupanda. Tukasimama, tukasubiri, tukarudi polepole.

Nilisema kwa kujiamini: hedi gasketi. Injini ya mkononi, imekaa, nini kingine? Nilikuwa tayari kumshawishi mwenye gari hedi ifunguliwe kesho yake asubuhi.

Fundi alikataa. "Hebu tupime kwanza, yakhe." Akafungua kifuniko cha oili: safi. Akatazama maji ya tanki injini ikiunguruma: hakuna mapovu ya gesi. Akapima mgandamizo wa silinda zote nne: zimekaribiana. Akaitoa thermostati, valvu inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, akaichemsha kwenye sufuria ya chai ya mama mmoja jirani: ikafunguka vizuri. Kisha akachukua kipande cha mbao na pima maji ya mwashi, akaviweka baina ya tanki la maji na nyumba ya thermostati. Thermostati ilikuwa juu zaidi.

Ndiyo hiyo. Injini mpya imepandisha sehemu ya juu kabisa ya mfumo wa maji, na tanki limebaki pale lilipokuwa. Hewa hupanda mahali pa juu. Ikakaa pale pale ambapo sensa na thermostati zinahitaji maji. Tanki likapandishwa kwa kibati, skrubu za kutolea hewa kwenye rejeta na kwenye nyumba ya thermostati zikafunguliwa hadi maji yatoke bila mapovu, hita ikiwa imefunguliwa yote. Rejeta nayo ilikuwa imeziba nusu, ikasafishwa.

Mchana ule gari lilikwenda Kilifi hadi darajani na kurudi, mshale umetulia kati. Jioni, narudi nalo mimi mjini, nikawasha taa. Mshale ukapanda.

Niliizima taa. Ukashuka. Nikawasha. Ukapanda. Na injini, ambayo kwa siku mbili ilikuwa ikikatakata mara moja moja bila sababu, ikakatakata zaidi.

Maji hayawezi kupata moto kwa sekunde moja kwa sababu umewasha taa. Nilisimamisha gari kando ya barabara na nikaona aibu peke yangu, kwa sababu hapo hapo nilijua ni nini na nani aliyefanya.

Kesho yake nilichukua multimita, kipimo cha umeme. Waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha bodi, taa na feni zikiwa zinafanya kazi. Ilitakiwa isome karibu sufuri, tuseme moja au mbili ya kumi ya volti. Ilisoma volti 1.6. Kati ya betri na injini, kwa mtu kupiga stata, ilikuwa sawa, chini ya nusu volti. Basi injini ina ethi nzuri, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, bodi haina.

Utepe wa ethi wa bodi ulikuwa umefungwa kwenye bolti ambayo juu inang'aa. Nilipoilegeza, chini yake palikuwa na kutu ya rangi ya manjano iliyopukutika kama maganda ya vitunguu. Miaka yote ile chini ya mkorosho, hewa ya chumvi ilikuwa ikiingia pale. Umeme wa taa, feni na pampu ya mafuta wote ulikuwa ukitafuta njia ya kurudi kupitia kutu ile. Na mimi, kwa kuwa palikuwa na bolti tayari na ilikuwa jioni, ndipo nilipoifunga ethi ya kompyuta ya injini. Kompyuta ilikuwa ikipima sensa zake kutoka kwenye sakafu inayopanda na kushuka.

Nilisugua hadi chuma kikawa cheupe, nikaweka tepe mbili nene za ethi, moja kila upande, nikapaka grisi juu ya viungo. Ethi ya kompyuta nikaihamishia kwenye injini yenyewe. Nikapima tena: volti 0.1. Kukatakata kuliisha siku ileile, na mshale ukaacha kuzijali taa. Kazi ya saa tatu, ambayo nusura itugharimu hedi.

Yaliyobaki

Ekseli ya nyuma tuliichelewesha kuliko ilivyostahili. Katika gari hili mikono ya nyuma inazunguka juu ya beringi za sindano. Zikiingia maji zinaila shafti, na magurudumu yanaanza kuinama kwa ndani upande wa juu. Ya gari hili yalikuwa yameinama tangu siku lilipovutwa gereji. Sote tuliyaona. Tulikuwa tumeshughulika na farasi. Ikabidi ekseli ifunguliwe mwezi wa saba, pamoja na breki za nyuma, ambazo kwa modeli hii ni za ngoma. Mwezi mzima kabla ya hapo gari lilikuwa likikimbia kuliko uwezo wake wa kusimama na kukata kona, na hilo naliona kosa la usalama, wala si la ratiba.

Namba ya injini ikabadilishwa katika kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, baada ya ukaguzi, na bima ikaarifiwa. Risiti ile na nakala ya logibuku ndizo zilizorahisisha.

Matokeo

Bajeti ya mwanzo ilikuwa shilingi 150,000 na miezi miwili. Imekwisha kwa 390,000 na miezi minane. Gari linawaka kila asubuhi, haliungui, na kwenye ile barabara iliyonyooka kuelekea Kilifi linavuta kwa namna inayomfanya abiria ashike mlango.

Pua imekuwa nzito. Bloku ya chuma inaizidi ile ya alumini kwa uzito, na ule wepesi wa usukani niliousifu mwanzo umepungua. Mwenye gari analikiri hilo akiwa peke yake. Giaboksi imebaki ya injini ndogo, gea zake fupi, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa injini inapiga kelele ikiomba gea ya sita ambayo haipo.

Tathmini

Kilichofaa kwanza ni fundi kukataa kufungua hedi kwa kauli yangu. Vipimo vyake vitano vilichukua saa mbili na havikuhitaji kifaa cha ajabu. Cha ghali kilikuwa kipimo cha mgandamizo. Karatasi za ununuzi zilifaa mara mbili, Nairobi na NTSA. Na uamuzi wa kuchagua injini ya familia moja ulituokoa kwenye giaboksi na draivu shafti, ambako miradi mingi ya namna hii hufia.

Kuhusu uchaguzi wa njia, bado nabishana na mwenye gari. Akiniuliza, namwambia bloku ya cc 1905 ya 405, hata kwa kuisubiri miezi mitatu ipatikane nzima, ingempa gari linalofanana na lenyewe: uzito uleule, mfumo uleule wa mafuta, hakuna kompyuta wala imobilaiza. Yeye ananijibu kwamba nasema hivyo kwa kuwa kompyuta ilinitesa. Kuna ukweli kidogo.

Lakini hata kwa njia aliyoichagua, karibu theluthi moja ya muda na fedha iliyozidi inatokana na kununua injini bila nyaya, kompyuta na ufunguo wake. Injini ya kisasa kidogo bila vitu hivyo vitatu ni chuma kizuri cha kuwekea mlango usifunge. Sehemu nyingine inatokana na sisi kulichukulia gari la zamani kuwa sanduku tupu la kuwekea injini mpya. Hakuna hitilafu hata moja kubwa iliyotoka ndani ya injini ya 406: tanki la maji, rejeta, ethi, ekseli, vyote vilikuwa vya 205, na vyote vingeweza kukaguliwa katika wiki tatu tulizokaa tukisubiri kompyuta irudi kutoka Nairobi.

Kwangu mimi imebaki tabia moja: gari lolote lililolala karibu na bahari, kabla sijafunga waya hata mmoja, naweka multimita kati ya betri na bodi, taa zikiwaka.

Injini ya zamani ya cc 1580 haikuuzwa skrepu. Mwezi uliopita nilipita gereji nikaikuta juu ya meza, kranki imetoka Mombasa kuchongwa, mihuri mipya ya slivu imefika, na slivu zote nne zimebanwa kwa bolti na washa. Nilimuuliza fundi ni ya nani. Akaniambia Ami amelipa nusu, ila bado hajasema itakwenda kwenye gari gani.